Binti wa Mshenga

International City, Dubai
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, goti limepoa kiasi cha kukuruhusu kwenda msikitini bila kushikwa mkono, na Mama anaendelea vizuri na sukari yake. Mimi huku mwili hauna shida. Nakula, naswali, kazini naenda, na joto limeanza kupungua kiasi kwamba mtu anaweza kusubiri basi bila kutafuta kivuli cha nguzo. Nawaulizia pia wenzako wa barazani, hasa Mzee Nassir, kama bado anakuibia kwenye bao na kuapa kwamba hajaiba.

Utashangaa kuletewa karatasi zama hizi za simu. Nimefanya makusudi. Nikikutumia sauti najua itasikilizwa barazani, simu imewekwa katikati ya bao na kila mtu amesogeza sikio, kama mlivyofanya na zile nyingine. Barua hii anakuletea Kuruthum, yule binti wa Muheza ninayefanya naye kazi, ambaye anakuja likizo. Tafadhali isome peke yako, halafu utaamua mwenyewe cha kumwambia Mama.

Sasa Baba, leo nitakuvunjia adabu ya kazi yako. Wewe ulinifundisha kwamba mwenye ombi halitoi mlangoni. Aketi kwanza, anywe alichopewa, aulize habari za watoto na za shamba. Mimi ombi langu naliweka hapa juu ulione: nataka umrudishe Masuda nyumbani. Mpigie simu umwamrishe arudi, na mwezi huu usiishe kabla hajapanda ndege. Yaliyobaki katika barua hii ni kukueleza kwa nini, na kwa nini lazima uwe wewe wakati mimi dada yake niko naye mji mmoja.

Najua unavyojivunia cheo changu. Kaka Himid aliniambia kwamba baada ya sala ya Ijumaa uliwaeleza watu kuwa binti yako wa kwanza ana meza yake ofisini Dubai, na meza hiyo kaipata kwa ulimi aliourithi kwako. Ni kweli kabisa. Mshahara wako ulitoka kwenye ukarani wa mkonge, lakini Pangani nzima ilikujua kwa ushenga. Ulikuwa unakwenda kuwaposea hata vijana waliokwisha kukataliwa, na unarudi na jibu. Nilikuwa nakusikia ukimweleza Mama ulivyofanya: siku ya kwanza ulikwenda kusalimia tu, posa hukuigusa, baba wa binti akabaki anajiuliza umefuata nini. Ukirudi tena unaisifia nyumba yake na malezi yake, kijana humtaji. Halafu unaanza kuuliza maswali madogo madogo, mpaka mzee wa watu anajikuta yeye mwenyewe anasema kwamba binti amefikia umri na kijana fulani si mbaya. Ulikuwa ukisema kwamba mtu akiambiwa jambo atalipinga, lakini akishalisema kwa kinywa chake atalipigania. Mama alikuwa anacheka, anasema hata yeye ulimpata kwa hila hiyo hiyo.

Nilikuja na ujuzi huo Dubai. Mwanzoni nilikuwa msafishaji kama wenzangu. Kampuni ilitulaza hapa hapa International City, kitanda juu ya kitanda, na asubuhi basi dogo lilitugawa kwenye majumba ya Al Warqa. Kitanda cha chini ya changu alilala Severina, Mhaya wa Muleba, Mkristo, mcheshi, ambaye alikuwa ananiamsha Alfajiri kwa bidii kuliko mwadhini, ingawa yeye haswali. Tulikuwa tunataniana sana. Mimi namwambia Wahaya wana maringo hata wakishika dekio, yeye ananiambia watu wa Tanga tunaongea mpaka chai inapoa.

Tumbo likaanza kumsumbua. Alilificha kwa muda, kwa sababu huku msichana mgonjwa anahesabika mvivu, kisha likamshinda akaenda kliniki, akapewa vidonge, akarudi kazini, likazidi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: arudi kwao akatibiwe mama yake akiwa karibu. Lakini mkataba ulikuwa haujaisha, pasi zetu za kusafiria zilikaa ofisini, na mwenye kuruhusu alikuwa mtu mmoja, Bassam, mwenye kampuni, ambaye sote tunamwita arbab. Msimamizi wetu, Terry, Mkenya wa Nakuru, alikuwa ameshajaribu kumtajia shauri hilo akaambiwa khalas, basi yameisha, kabla hajamaliza sentensi. Wasichana wakakaa chumbani wakanichagua mimi. Terry mwenyewe aliunga mkono. Aliniambia, "Swafiya, wewe uko na mdomo. Mimi nikiingia pale naongea ni kama nakemea watoto. Enda wewe."

Basi nikaenda kama ulivyonifundisha. Nilivaa buibui langu zuri, nikachukua kashata nilizopika mwenyewe, nikabisha hodi. Arbab aliniuliza ninataka nini. Nikamjibu sitaki kitu, sir, nimekuja kukusalimia na kukushukuru kwa kazi uliyotupa. Alinitazama kwa mshangao, akaagiza chai. Akaniuliza habari za kwetu, nikamsimulia Pangani mpaka akacheka. Kuna mahali alisema mwenyewe kwamba anapenda wafanyakazi wake wawe na afya njema, akanyamaza, akanitazama, akingoja. Jambo lilikuwa limefika mdomoni, Baba. Ningelitamka wakati ule ruhusa ingetoka. Mimi nikatabasamu nikaaga, kwa sababu siku ya kwanza ni ya salamu. Nilirudi chumbani nimejaa furaha, nikamwambia Severina ajikaze kidogo, nikirudi kwa arbab mara ya pili tutakuwa tumemaliza.

Kesho yake arbab akasafiri na familia yake kukimbia joto, kama wanavyofanya wenye uwezo huku kila mwaka. Sikujua, na sikuwa nimeuliza. Terry alimpigia simu, haikupokelewa. Akamwandikia, akajibiwa wasubiri arudi. Ofisini hakuna aliyethubutu kutoa pasi bila yeye. Huko kwetu baba wa binti hana pa kwenda, usipomaliza leo kesho utamkuta kibarazani kwake. Huku mtu anakupa dakika alizo nazo, halafu anapanda ndege.

Severina alifia hospitali kabla arbab hajarudi. Walimpasua, wakamshona, wakasema amecheleweshwa. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Aliniuliza tu nilipoingia kwa arbab nilisema nini hasa, nami nikamjibu kwamba nilimsalimia. Akarudia, "Ulimsalimia," akageukia ukutani. Pasi yake ilitoka ofisini ili jeneza lisafiri.

Arbab aliporudi aliniita. Nilikwenda nimejiandaa kumwambia kila kitu, hata kama atanifukuza. Akanitangulia kusema. Alisema tangu aanze kazi hiyo kila anayefungua ule mlango anakuja kuomba, na mimi peke yangu nilikuja kusalimia, na mtu mwenye akili ya watu kama mimi hafai kusugua sakafu. Akanipa meza pale pale. Jina la Severina lilikuwa kwenye ulimi, Baba, nikalimeza nikasema asante sir.

Nyumbani niliwaambia kwamba nashughulikia ustawi wa wafanyakazi. Hivyo ndivyo kazi inavyoitwa, lakini kazi yenyewe ni hii: msichana akisema anataka kurudi kwao, au kuhama nyumba aliyopangiwa, analetwa kwangu. Simkatalii wala simgombezi. Namkaribisha, naongea naye Kiswahili, namuuliza habari za kwao, namwacha alie mpaka atosheke. Kisha nauliza maswali. Nani anamtegemea, nani atamcheka, huko anakokimbilia kumebadilika nini tangu alipoondoka. Mwishoni anasema mwenyewe kwamba afadhali avumilie, na mimi namwambia amesema jambo la busara. Wengi wameinuka kwenye kiti kile wakanishukuru. Terry alisikiliza siku moja kutoka mlangoni, akasema, "Enyewe wewe ni hatari," akaondoka bila kucheka. Na nisikufiche, nilikuwa naifurahia kazi. Kuna raha ya kumwona mtu anageuka mbele yako polepole, na raha hiyo wewe unaijua kabla yangu.

Ndipo ukaniomba nimtafutie Masuda nafasi. Mimi nilikuwa wa kukwambia hapana, na nilikwambia inshallah. Nilijidanganya kwamba akiwa chini ya macho yangu hayatampata yaliyompata Severina. Nilikwenda kwa arbab, na sikuhitaji hata kurudi mara ya pili. Masuda alipangiwa nyumba ya familia moja huko Al Warqa, kazi na kulala. Nilimpokea uwanja wa ndege ana hina mpaka kwenye viwiko, akaniambia kwa sauti kubwa kwamba nimenenepa, watu wakageuka. Ijumaa ya kwanza tulipika samaki wa kupaka tukawatumia picha. Hayo yote mnayajua.

Msiyoyajua ni kwamba asubuhi moja Terry alimleta ofisini kwangu. Alikuwa ametoka kwenye ile nyumba na mfuko wake wa nguo, kwa miguu mpaka barabara kubwa. Akanieleza kwamba chumba chake hakina komeo, na kwamba madam wa nyumba akiwa hayupo, sir, mumewe, huwa anaingia. Mara ya kwanza alisema anatafuta taulo. Baada ya hapo hakusema tena anatafuta nini, alisimama tu anamtazama. Masuda akawa analala ameegemeza ndoo mlangoni ili ikianguka imwamshe. Akaniambia, "Dada, nataka kurudi kwa Mama."

Baba, hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo nimeshindwa kulisema kwenye simu. Ningeweza kukwambia kwamba niliogopa kupoteza meza yangu, au kwamba familia ile ni wateja wakubwa wa arbab, na vyote ni kweli. Lakini sikuwa nafikiria hayo. Yeye alikaa kwenye kiti kile, mimi nilikuwa upande wangu wa meza, na ulimi ukaanza wenyewe. Nilimwagizia chai. Nilimuuliza kama ana hakika na anachokisema. Nilimuuliza kama yule bwana ameshamgusa, akasema bado. Nikalishika lile bado. Nikamuuliza kama bado hajamgusa, basi tutamshtaki kwa lipi. Nikamuuliza dawa ya Mama itanunuliwa na nani. Nikamuuliza watu wa mtaani wakimwona amerudi mapema hivyo watasema alifanya nini huku, na wewe Baba barazani utawajibu vipi. Kisha nikanyamaza, kama unavyonyamaza wewe. Akajifuta uso kwa mtandio. Akasema labda ni woga wake tu, labda ni mgeni, atazoea. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu mzima. Akasema, "Sawa, dada," akachukua mfuko wake. Nilimsindikiza mpaka kwenye lifti nikiwa nimeridhika na kazi yangu. Milango ilipojifunga ndipo nikakumbuka kwamba yule ni Masuda.

Nilimpigia simu jioni ile ile, hakupokea. Nilipiga tena na tena. Ijumaa iliyofuata niliambiwa hakupewa ruhusa ya kutoka, na iliyofuata hivyo hivyo. Nikaenda mwenyewe mpaka getini. Alitoka amevaa mikono mirefu katika joto lile, akasimama upande wake wa geti, hakunipa mkono. Nikamwambia yote bila chai na bila maswali. Nilimwambia nilikosea, kila nililomwambia ofisini lilikuwa baya, achukue mfuko wake tuondoke sasa hivi, tiketi nitakata mimi, na arbab akinifukuza anifukuze. Sijawahi kusema na mtu kwa moyo mweupe namna ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Siku ile aliyesema na mimi alikuwa dada au ofisi? Na leo aliyekuja ni nani?"

Alidhani nimetumwa kumpima. Wenzake wamemwambia kwamba ofisi huwa inafanya hivyo, inamtuma mtu akamwambie msichana atoroke ili ionekane kama atakubali, na ni kweli tumewahi kufanya. Nilimwapia kwa jina la Mama. Akanirudishia hoja zangu moja moja, dawa, majirani, aibu yako barazani, na alizipanga vizuri kuliko nilivyozipanga mimi, kwa sababu sasa zilikuwa zake. Nikamuuliza kama bado anaegemeza ndoo mlangoni. Akasema haweki tena. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama chini, akasema ameacha vyombo, akafunga geti.

Nimekwenda tena, hatoki. Nimemwambia arbab, akaniuliza binti mwenyewe anasema nini. Nimefikiria kwenda polisi. Najua wapo wasichana waliosaidiwa huko, lakini hao walisimama wakasema. Masuda akiulizwa atasema hakuna kitu, na wale waliomuuliza wakishaondoka atabaki mle ndani na watu watakaojua kwamba kuna aliyewashtaki. Kila mlango ninaoufikia wanataka neno lake, na neno lake nililitoa mimi nikaweka langu. Terry ananipita ofisini bila salamu. Mchana wanaendelea kuniletea wasichana. Mmoja nilimwambia arudi kwao leo leo, nikasema waziwazi kabisa, akanitazama kwa mashaka, akasema afadhali abaki.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Sina tumaini kubwa, na sitakudanganya kwamba ninalo. Najua utaanza kwa kumpigia Masuda usikie kwake kabla hujaniamini. Atapokea, kwa sababu simu yako anapokea. Atakuamkia vizuri, atamuulizia Mama na dawa yake, atakutania kuhusu bao. Sauti haitatetereka. Ukimuuliza hali yake atakwambia, "Nimeshazoea, Baba. Mwanzoni nilikuwa na woga tu, dada akaniongoza." Moyo wako utatulia, na utaona kwamba aliyechanganyikiwa ni mimi.

Usimuulize hata swali moja, Baba. Usimsalimie hata. Ukianza kuuliza atakushinda, maana nilimfundisha mimi, na mimi nilifundishwa na wewe. Akipokea tu, mwamrishe arudi, umkemee kama hujawahi kumkemea mtoto, na akileta sababu ukate simu umpigie tena. Sijui kama unaweza. Katika maisha yangu yote sijakusikia ukiamrisha mtu.

Nisalimie Mama, umwambie nimepokea dua zake, na mengine usimwambie mpaka Masuda awe mbele yake. Nisalimie Kaka Himid na watoto, na Bi Zuhura wa nyumba ya pili. Kuruthum nimempa dawa ya kuchua goti, ipake ukishaoga, usiipake na kwenda juani. Mungu akulinde na akupe nguvu ya kulifanya hili.

Ni mimi mwanao,

Swafiya